Majivu ya Gasorwe

Kulthumu aliinama kuchota maharage ya kumpa jirani, akaona sisimizi waliokufa. Walikuwa wametoka ukutani kwa msafara wao, wakafika kwenye gunia, wakaishia hapo hapo.

Gunia lilitoka Gasorwe, huko Muyinga, kwa mama mkwe wake Zuena, aliyefika Gitega jana kwa akika ya mjukuu. Tangu alipofika hakula kitu cha maana, mikono inamtetemeka, akasema ni uchovu wa safari. Lakini maharage aliyapeta mwenyewe, akayaroweka mwenyewe, akayabandika mwenyewe, na ole wake aliyethubutu kumsaidia! Sasa sufuria ilikuwa inatokota uani, nyumba ile ya mtaa wa Musinzira imejaa wageni wenye njaa. Na desturi ya ukoo huo ni moja: aliyeleta chakula ndiye anayekionja kwanza, mbele ya watu wote.

Kulthumu alitia vidole guniani. Majivu ya kuhifadhia maharage aliyajua tangu utotoni: yananuka jiko, na ukiyalowesha yanateleza kama sabuni. Vumbi hili lilikuwa la kijivu vilevile, lakini alipolisugua kwa maji halikuteleza, na harufu yake ilimpanda kichwani. Ilikuwa dawa ya wadudu, ile inayopakwa maharage ya mbegu, yasiyoliwa na mtu.

Alikimbia uani. Zuena ameshaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, sahani magotini.

"Mama, ngoja kwanza. Hii maharagi tusikule. Iko na dawa."

Yapo mambo ambayo mke wa mwana hamwambii mama mkwe mbele ya watu, na hili ndilo la kwanza.

"Dawa gani? Mi nilitia majivu na mikono yangu! We unataka watu waseme naletea mjukuu wangu sumu?"

"Oya, Mama, sisemi ivyo. Donc, nusa kidogo..."

"Ninuse nini? Pua yangu ilishakufa na ugoro!"

Akachota. Mwiko ulitetemeka, mchuzi ukamwagikia kanga. Kulthumu alimgeukia mumewe Mustafa, aliyesimama mlangoni. Mustafa aliangalia viatu vyake. Mwanamume mzima, baba wa mtoto, anaangalia viatu!

Basi Kulthumu akaweka adabu kando. Aliipiga ile sahani ikaruka, akashika gogo, akaipindua sufuria. Maharage yakazima moto, moshi ukajaa ua, wanawake wakapiga kelele.

"Mukazana gani huyu, mke wa mwana anamwagia mama mkwe chakula!" mmoja alisema.

Zuena peke yake hakupiga kelele. Aliinama kuitafuta sahani. Ilikuwa karibu na mguu wake, kwenye mwanga mweupe wa adhuhuri, lakini mkono wake ulipapasa huku, ukapapasa kule, ukaipita. Kulthumu aliuona mkono ule, na hasira yote ikamtoka. Alipiga magoti, akamwekea sahani mikononi.

"Mama," alisema polepole, "juu ya etajeri yako ya jikoni iko makopo mbili, si ndiyo? Ya majivu, na ya dawa ya mbegu."

"Iko mbili."

"Unajuaje hii ni ya majivu?"

Zuena aliigeuzageuza sahani. "Zamani nilikuwa naona rangi ya makopo," alisema. "Sikuwaambia. Mungenitoa kwangu."

Kumbe ule ukali wote wa kutosaidiwa ulikuwa wa kuficha macho. Kulthumu alitaka kulia, lakini swali lingine lilikuwa limeshamfika kooni, nalo lilimtisha kuliko gunia.

"Na kule Gasorwe, tangu mavuno, we unakula maharagi gani?"

Mikono ya bibi ilikuwa bado inatetemeka juu ya sahani tupu.

"Hii hii," alisema.

"Mustafa!" Kulthumu alipiga ukelele. "Acha viatu! Ita pikipiki, tumpeleke Mama hospitali!"