Kadi Iliyotaka Majibu

"Mama Karambu, wewe unamwita mtu, halafu tena unamuuliza kama atakuja?"

Jirani yangu Karwirwa, mama yake Mutegi, aliniuliza hivyo tukiwa kwenye mfereji wa maji ya shamba. Kadi ya harusi ya binti yangu ilikuwa mkononi mwake, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Nilimwambia hayo ni mambo ya watoto. Akaniuliza kadi imetoka kwa nyumba ya nani. Nikainama kunawa miguu, maana ilitoka kwangu.

Karambu wangu anafanya kazi Embu mjini, na huko ndiko alikompata Kivuti, mwalimu, kijana mzuri anayeomba kabla ya kula. Nilipomwita mchumba, Karambu alinirekebisha: ni fianse. Nikauliza tofauti iko wapi. Akasema ni neno la Wafaransa ambalo Waingereza walilichukua, na maana yake ni mchumba. Nikamshukuru Mungu kwamba hata Wafaransa huchumbiana.

Halafu kukawa na bufe, yaani kila mtu ajipakulie mwenyewe. Nilimwambia Karambu kwamba jirani yetu mzee Muthamia hajashika mwiko tangu azaliwe, na tukimpa nafasi hiyo atabeba nyama yote kulipiza miaka aliyopakuliwa kidogo. Kivuti naye akipigiwa simu husema yuko anruti, maana yake yuko njiani, na hapo nikajifunza kwamba mtu anaweza kuwa njiani na huku bado anaoga. Haya yote niliyameza. Yaliyonikwama ni zile herufi nne chini ya kadi, RSVP. Karambu alisema hata hizo ni Kifaransa: jibu, tafadhali. Mpishi wa kukodiwa kutoka Embu angepikia waliojibu, basi.

Sasa huku kwetu Mitunguu nani hujibu? Ukisema utakuja, umejisifia kesho ambayo si yako. Ukisema hutakuja, umeilaani harusi. Anayekuja hujulikana kwa mzigo wa kuni anaouangusha uani, au mkungu wa ndizi, au anapita kubeba sufuria yako kubwa akaisugue. Hakuna anayeongea.

Kufikia wiki ya harusi, waliojibu walikuwa wenzake Karambu wa ofisini, na mchungaji, ambaye alijibu kwa kuuliza kama kutakuwa na kuku. Karambu akafurahi, akasema basi itakuwa harusi ndogo. Mimi nilikosa usingizi. Nilijua kijiji chote kitakuja, na chakula kitaisha kabla wazee hawajanawa mikono. Mjane kama mimi akiaibika kwa chakula, watu hawasemi mpishi alikosea. Wanasema angekuwa na bwana haya yasingempata.

Nikamwomba mchungaji atangaze kanisani, watakaokuja wainue mikono. Kanisa zima liliinua. Waliinua hata wageni kutoka Kiritiri waliokuja kwa ubatizo, na mwanakwaya mmoja aliyekuwa amelala aliamshwa akainua. Mkono wa Karwirwa peke yake ulibaki kwenye mapaja. Na Karwirwa ndiye kiongozi wa akina mama wanaopika. Yeye akikaa, hakuna moto utakaowashwa kuwapikia wale ambao mpishi wa Embu hakuwahesabu. Wale wengine wote walikuwa wameinua mikono ya kula.

Kesho yake nikamwita Karwirwa nyumbani, kwa mdomo, bila kadi. Alikuja akaketi jikoni, akakikataa kiti kizuri. Karambu, aliyekuwa amefika kutoka Embu, akamweleza kwa heshima, akimwita shangazi, tata hivi, tata vile, kwamba si dharau, ni vile tu mpishi anataka hesabu. Karwirwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alipotuacha," akamwambia, "mama yako alinitumia kadi?"

"Hapana, tata."

"Nilikuja?"

 Karwirwa alikuja kabla ya ndugu zangu. Alipika, akaosha vyombo, akanifulia hata nguo, mpaka tukazika.

"Hao Wafaransa," Karwirwa akaendelea, "wakifiwa huwa wanauliza nani atakuja?"

 Nikaona niseme kile kidogo nilichokuwa nacho.

"Mama Mutegi, hilo neno lao lina jibu mbele, lakini nyuma lina tafadhali. Wewe wacha hiyo ya mbele. Shika hiyo ya nyuma, ni mimi nakuomba."

 Karwirwa alimaliza chai yake bila haraka. Karambu alikuwa na simu mkononi, tayari kumpigia mpishi wake.

"Kwa hivyo, tata, niseme utakuja?"

Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Karwirwa akasimama, akakaza leso kiunoni. Akapita kando ya binti yangu mpaka kwenye kona ninapofunika ile sufuria kubwa, ya harusi na matanga. Akaigonga kwa kidole kusikia kama imetoboka, akaiinua, akaiweka kichwani, akatoka nayo.