Rejeta ya Mvujo

Mzishi alikuwa mtu mpole, lakini kiganja chake hakikujua adabu. Alikiweka juu ya rejeta ya sebuleni, ile ndefu ya chuma iliyobanwa ukutani chini ya dirisha, yenye kupasha chumba kwa maji ya moto, akakivuta upesi kama aliyeshika sufuria jikoni.

"Mama Nuala," akasema, "chumba hiki ni tanuri."

"Boila ya mafuta nimeizima tangu asubuhi, Bwana Looby."

"Basi kuna kitu kingine kinawaka. Dawa nimemtia mzee, lakini dawa si friji." Alitupa jicho kwenye jeneza lililokuwa wazi katikati ya chumba, Colman Gilmartin ndani yake, rozari mikononi, mwilini suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti wa jirani. "Nitarudi saa kumi na mbili jioni. Nikikuta joto ni hili hili, itanibidi nifunge kifuniko. Sitaki, lakini itanibidi."

Attracta, mjane wa Colman, aliitikia kwa kichwa. Angesema nini? Nuala, mtoto wao pekee, angepanda ndege Boston jioni hiyo, atue Dublin alfajiri, aingie nyumbani Sligo kabla ya Misa ya mazishi, saa tano asubuhi. Kwenye simu hakuomba kitu kingine, ila hiki tu: "Mama, msimfunge kabla sijamwona." Na Attracta alikuwa ameahidi. Kuahidi ni rahisi, ulimi hauna mfupa.

Saa ilikuwa saba na nusu mchana.

Sasa, mganga hajigangi, na nyumba ya fundi bomba usiiulize. Miaka arobaini Colman aliwafungia watu rejeta kata nzima, lakini kwake hakununua hata moja. Watawa walipofunga nyumba yao, alileta rejeta ya watawa. Shule ilipovunjwa, alileta ya shule. Hoteli ya barabarani ilipofilisika, alirudi na ngazi ya mabomba ya kukaushia taulo, amejifunga nayo mgongoni kama mbeba kuni. Hazikuwa na ukoo mmoja wala desturi moja, na aliyezijua tabia ni yeye peke yake. Kila jioni alizizungukia, hii akiipunguza, ile akiifungulia, kama mfugaji anayefungia ng'ombe. Attracta hakuwahi kuzigusa. Kwa nini aziguse, naye ameolewa na fundi?

Aliloambiwa ni moja, siku walipohamia. Colman alimwonyesha ile ya sebuleni, akasema, "Hiyo usihangaike nayo. Hiyo ni ya mvujo."

Basi Attracta akaweka beseni chini yake. Beseni jeupe la bati, ukingo wa buluu. Miaka thelathini na moja lilikaa pale, na halikupata tone. Kila Jumamosi alilifuta vumbi akalirudisha, akiamini kwamba siku atakayoliondoa ndiyo siku zulia litaharibika.

Jikoni, wifi yake Dympna, dada wa marehemu, alikuwa kando ya jiko kubwa la chuma akimimina chai na habari za watu kwa kipimo kimoja. Nyumba ilikuwa imejaa. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi, sahani za mkate wa nyama magotini, wakimsema paroko mpya kwa sauti ya chini na bei ya ng'ombe kwa sauti ya juu.

"Wifi, anataka kumfunga," Attracta akamwambia.

"Nani, Looby? Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Alimfunga bibi yetu kabla hatujamaliza rozari."

"Si tufungue dirisha?" mtu akauliza.

Dympna akaweka birika chini kwa kishindo. "Dirisha lilifunguliwa alipokata roho, roho ipate kutoka, likakaa wazi kwa muda wa saa mbili, likafungwa. Ndivyo inavyotakiwa. Mkilifungua sasa mnamfungulia njia ya kurudi."

"Akirudi si atazizima hizi rejeta," Attracta akasema.

Watu walicheka, kisha wakakohoa, kisha wakanywa chai.

Hapo ndipo alipojitokeza Packie Durkan, jirani, dereva wa lori la maziwa, mtu anayejua kila kitu mpaka umwambie akifanye. "Niachieni," akasema. "Tutazima moja moja. Nyumba nzima ikipoa, sebule itaenda wapi? Shemeji, nifuate."

Walianzia ukumbini. Rejeta ya pale ilikuwa na kichwa cha plastiki chenye namba, moja mpaka tano, na baada ya namba picha ya theluji.

"Theluji ni nini? Ni baridi. Mpe theluji," Packie akasema, akazungusha.

Lakini mlango wa mbele haukufungwa tangu asubuhi, watu wakiingia na "pole kwa msiba" na kutoka na makombo, na upepo wa Februari ukipiga moja kwa moja kwenye kile kichwa. Baada ya dakika kumi Attracta aliigusa rejeta, akaikuta inachemka kuliko mwanzo.

"Imeharibika hii," Packie akasema.

Attracta alichuchumaa. Alikitazama kile kichwa kama anayemtazama mtoto mwongo. Theluji haikuwa kuzima. Ilikuwa kulinda nyumba isigande, na kitu hicho kilikuwa kinanusa baridi ya mlangoni na kujifungulia chenyewe. Pembeni ya theluji, karibu na ukuta, palikuwa na sifuri ndogo iliyojificha. Alibonyeza, akasukuma kupita theluji, ikalia *tik*. Akajiona fundi.

Juu kwenye ngazi ilikuwa ile ya watawa, yenye miguu ya chuma kama ya simba, na koki ya mviringo iliyogandishwa kwa rangi. "Kulia kufunga, kushoto kufungua, kama chupa," Packie akasema, akaanza kuzungusha kushoto. Attracta alimsukuma kando, akaikamata kwa taulo, akaibana kulia mpaka mkono ukamuuma. Ngazi ya taulo bafuni haikuwa na koki kabisa, ila kifuniko kidogo cha plastiki. Alipokivuta, ndani mlikuwa na kijiti cha shaba kinachotaka spana. Packie alikwenda kuchukua spana kwenye lori, akasimamishwa mara nne njiani aeleze nani atarithi zile zana za marehemu.

Chumba cha Nuala kilikuwa na ya umeme, pana, nzito, imejaa ndani matofali ya kutunza joto la umeme wa usiku. Ilikuwa na vishikio viwili: cha kupokea joto na cha kutoa. Attracta alivizima vyote, akangoja, na joto likaendelea kutoka.

"Hiyo imekula jana usiku," Packie akasema kwa huzuni. "Itashinda inacheua."

Lakini jambo moja lilimtia Attracta wasiwasi, na hakumwambia mtu. Kila waliyoifunga huko juu, aliposhuka kuonja ile ya sebuleni, aliikuta imezidi. Mishumaa miwili kichwani kwa Colman ilikuwa imeinama, ikimwangalia. Waliotoka kupiga magoti walitoka wakijifuta paji la uso.

"Amependeza," mama mmoja akasema. "Rangi imemrudia."

"Anaiva," Packie akanong'ona, na Dympna akampiga na kitambaa cha vyombo.

Saa tisa na nusu, rejeta zote za nyumba zilikuwa zimefungwa. Ilibaki ile ya mvujo, na hiyo unaweza kuikaribia lakini huwezi kuishika. Walipiga magoti mbele yake, Attracta na Packie, migongo kwa jeneza, Mungu awasamehe. Walitafuta kichwa chenye namba. Hakuna. Koki, hakuna. Kifuniko cha plastiki, hakuna. Kushoto bomba limeingia na nati, kulia bomba limetoka na nati. Basi.

"Haiwezekani," Packie akasema. "Hakuna rejeta isiyofungwa. Atakuwa ameificha koki."

"Ameificha wapi, Packie, mfukoni?" Wote wawili waligeuka wakamtazama Colman.

"Nitailegeza nati kidogo, nione."

"Usi—"

Alikwisha kuilegeza. Maji meusi, ya moto, yenye harufu ya chuma cha zamani, yaliruka yakampiga Packie kifuani, yakaanza kumwagika kwa mfululizo. Akapiga kelele, akaibana nati tena kwa mikono miwili. Chini ya rejeta, ndani ya beseni jeupe, mlikuwa na maji meusi ya kina cha kidole. Attracta aliyatazama muda mrefu. Machozi, ambayo hayakutoka Colman alipokata roho wala mbele ya kasisi, yalitoka hapo, mbele ya beseni.

Ndivyo Eugene Tansey alivyomkuta. Eugene alifanya kazi na Colman miaka ishirini, na alikuwa ametoka Longford kwa basi, kofia mkononi. Alimgusa marehemu bega, akasema "raha ya milele umpe, ee Bwana," akageuka, akamwona Packie na spana.

"Mnafanya nini na mvujo?"

"Tunaizima," Attracta akasema.

"Haizimwi, shemeji. Ndiyo maana yake." Alivuta kiti, akaketi kama mtu atakayetoa taarifa ya ugonjwa. "Jiko lenu la jikoni lina tangi la maji nyuma ya moto. Boila ya mafuta unaizima kwa swichi, lakini moto wa kuni na makaa hauna swichi. Umeme ukikatika, au mtu akifunga rejeta zote, lile joto liende wapi? Tangi litapasuka. Kwa hiyo lazima iwepo rejeta moja isiyo na koki, iwe wazi daima, joto lipate pa kuvujia. Sisi mafundi tunaiita mvujo. Sasa mmefunga zote, na joto la nyumba nzima limeletwa hapa kwake."

"Mvujo wa joto," Attracta akasema.

"Wa joto."

"Si wa maji."

Eugene aliliona beseni.

"Miaka thelathini na moja, Eugene. Kwa nini hakuniambia?"

"Alitaka kukuambia. Mwaka wa kwanza alikuwa anacheka tu, tena sana, samahani. Baadaye akasema hawezi tena kukuambia, wakati umeshapita." Aliizungusha kofia. "Alituambia kwamba akiingia sebuleni akikuta beseni lipo, anajua kuna mtu ambaye bado anamsikiliza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini.

"Na jiko likizimwa?" Attracta akauliza.

"Itapoa. Ndani ya saa moja na nusu, mkiyafungulia pia maji ya moto bombani yaende."

Dympna alikuwa amesimama mlangoni, birika mkononi. "Moto hauzimwi nyumba ikiwa na maiti," akasema. Hakuwa akigomba, alikuwa akiomba. "Wifi, haujawahi kuzimwa. Kwa mama haukuzimwa, kwa baba haukuzimwa. Na watu sabini hawa watakunywa nini? Ukizima moto, msiba umekwisha."

"Eugene," Attracta akasema.

Eugene alitazama viatu vyake. "Mimi siwezi, shemeji. Marehemu mama yangu atafufuka anipige."

Packie alikuwa ghafla na shughuli nyingi na shati lake.

Basi akaenda mwenyewe. Alichukua ndoo ya majivu na koleo, akafungua mlango wa jiko, akaanza kuchota makaa mekundu mbele ya watu, watu ambao walikuwa wamemjazia nyumba tangu jana, na hakuna aliyeinuka wala aliyemzuia. Mara tatu alitoka uani na ndoo, na mara tatu makaa yalilia kwenye mvua. Aliporudi mara ya mwisho, Dympna alikuwa ameketi, ameliweka birika mapajani, amelikumbatia lipate kukaa moto.

Baridi iliingia nyumbani kama mgeni aliyekuwa akingoja barabarani. Kwanza waliondoka wenye watoto. Kisha wazee wenye vifua. Kisha wote, wakimshika mkono, "pole, Attracta, tutaonana kanisani," macho yakikwepa jiko. Vikombe vilibaki na chai nusu. Dympna alikwenda wa mwisho. Alimbusu kaka yake, hakumbusu wifi.

Saa kumi na mbili Bwana Looby aliweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha pale. Pumzi yake ilionekana hewani.

"Sasa sawa," akasema. "Abaki wazi. Nuala atamwona." Akatazama huku na huku. "Watu wako wapi?"

"Wamekwenda."

Alipoondoka, Attracta alifunga mlango. Alivaa koti la kazi la Colman, lile lenye harufu ya gundi ya mabomba, akaenda ukumbini apate angalau joto kidogo. Akakishika kile kichwa cha plastiki. Alikizungusha kutoka sifuri, akapita theluji, akafika tano. Rejeta ikabaki kama jiwe la kaburi. Akaenda kwenye boila ya mafuta. Kisanduku chake kilikuwa na vitufe sita na saa inayopepesa namba, na maandishi ya Colman kwa penseli yaliyofutika. Akabonyeza kimoja. Akabonyeza kingine. Hakikulia kitu. Asubuhi alikuwa ameizima kwa swichi ya ukutani. Sasa swichi aliiwasha, akaizima, akaiwasha, na boila haikumjua.

Saa sita usiku simu ikaita. Nyuma ya Nuala palikuwa na makelele ya uwanja wa ndege.

"Mama, wanaita ndege yetu. Hamjamfunga?"

"Hatujamfunga."

"Kuna watu wengi?"

Attracta alitazama viti. "Nyumba ilijaa, mwanangu. Mpaka kwenye ngazi."

"Mungu ashukuriwe. Nina baridi humu, nataka tu kufika nikae sebuleni pale, karibu na ile rejeta."

"Njoo na koti zito," Attracta akasema.

Kisha alilichukua beseni, akamwaga maji meusi kwenye sinki, akalisuuza kwa maji ambayo nayo yalikuwa baridi, akalikausha kwa kitambaa. Akalirudisha mahali pake.