Kikombe cha Mnazareti

Jumanne ya Juma Kuu, baada ya chakula cha mchana, Eliécer Velasco alikuwa amekaa jikoni bila shati, na mkewe Amparo akimsugua bega la kulia kwa pombe ya anisi. Bega hilo lilikuwa na sugu ya ukubwa wa nusu limau. Eliécer aliipenda sugu yake kuliko baadhi ya jamaa zake, na hakuna aliyemlaumu, maana kwetu Santa Rufina sugu kama ile ndiyo jina la ukoo.

Ni sugu ya kumbeba Mnazareti. Sanamu yenyewe ni ya mti wa mwerezi, Bwana akiwa na msalaba mgongoni na joho la mahameli ya zambarau, amesimama juu ya machela yenye miti mirefu, inayobebwa begani na wanaume wanane, wanne mbele na wanne nyuma. Nafasi chini ya miti ile hainunuliwi wala haiombwi. Baba humwachia mwana. Ya mbele kulia ni ya akina Velasco.

Kuchoka hakuruhusiwi. Nyuma ya machela hutembea Doña Clodomira Paz akiwa na birika la kakao ya moto na kikombe kimoja cheupe. Mbebaji akitoka chini ya mti kabla ya kurudi kanisani, kwa sababu yoyote ile, hupewa kikombe palepale barabarani, akakinywa mbele ya watu, na tangu siku hiyo yeye na uzao wake hawaugusi mti tena. Hazomewi. Watu humtazama tu anavyokunywa. Wa mwisho alikuwa Lisímaco Daza, aliyepatwa na kiharusi karibu na duka la dawa. Mikono ilikuwa imekufa, kwa hiyo Doña Clodomira alimshikia kikombe mwenyewe, kwa upole, mpaka tone la mwisho. Wajukuu wa Lisímaco wanaitwa akina Kikombe hadi leo, na kupata wachumba kwao ni kazi.

Eliécer aliuza magodoro. Juu ya mlango wa duka aliandika kwa rangi ya dhahabu: Mungu Anataka Upumzike. Alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha yake ilikuwa na tarehe ya kuanza. Ilianza kwenye mafungo ya wanandoa, ambako mhubiri mmoja mwenye viatu vyeupe aliwaambia kwamba Mungu hakumuumba mtu ili ateseke, na kwamba kila kinachomwondolea mtu furaha hakitoki kwa Mungu. Wengine walipiga makofi wakasahau. Eliécer alilichukua neno lile, akalipeleka nyumbani, akaanza kulitumia.

Jambo la kwanza kumwondolea furaha lilikuwa mama yake. Doña Betsabé miguu ilikuwa imekufa, na watoto wake wawili, Eliécer na Ninfa, walikuwa wakipokezana kumtunza. Eliécer alimweleza dada yake kwamba kila akimtoa mama kitandani kumweka kitini, hubaki na huzuni mpaka jioni, na moyo wenye huzuni haumtukuzi Mungu. Kisha akampeleka mama kwa Ninfa moja kwa moja, pamoja na godoro bora kuliko yote dukani, la springi. Watu walilisifu godoro lile.

Ninfa ni fundi cherehani, hana mume, na mwili wake ni wa kuku wa kienyeji. Alimbeba mama kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi msalani, mpaka pingili za mgongo wake zikateguka. Daktari wa mjini Popayán alisema lazima apasuliwe, na kwamba baada ya hapo asinyanyue kitu kizito kuliko sufuria mpaka mvua ziishe. Akaenda dukani kwa kaka yake, akamwomba amchukue mama hadi atakapopona. Eliécer aliomba muda wa kusali. Na alisali kweli, tusimwonee. Alipiga magoti juu ya godoro la maonyesho akafumba macho. Jumapili ya Matawi akaja na jibu.

“Nimeliombea sana, Ninfa. Sikupata amani.”

“Hukupata amani, au hukupata nafasi?”

“Mungu hasemi kwa kelele, dada yangu. Jambo likiwa lake, moyo unachangamka wenyewe. Sasa mimi nikifikiria kumleta Mama, wangu unanywea kabisa.”

“Wangu ulishanywea zamani, kaka, na Mama bado anataka kwenda msalani.”

“Basi na wewe uombe,” alisema Eliécer, akambusu kwenye paji la uso.

Jumanne ile maandamano yalipita mtaa wa Wachonga Mishumaa, ambako Ninfa anaishi katika nyumba ya zamani ya wazazi. Mbele ya mlango wake wabebaji husimama kila mwaka, wakaegemeza miti juu ya magongo yenye panda ili wapumue. Marehemu Don Saturnino, baba yao, ndiye aliyeweka desturi hiyo ili mkewe amwone Bwana kwa karibu. Wakati wa kupumua mbebaji anaweza kufuta jasho au kunong'ona na mwenzake, lakini hatoki chini ya mti.

Ninfa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno kwa mikono miwili. Dirisha lilikuwa wazi, na kila mtu aliweza kumwona Doña Betsabé kitini, ameinamia upande mmoja, akiteleza taratibu.

“Eliécer,” alisema Ninfa. “Mama anateleza, na mimi siwezi hata kuinama. Ingia umnyanyue. Mara moja tu.”

Eliécer alitazama mbele. “Nimembeba Bwana, dada. Huoni?”

“Namwona. Na yeye anakuona.”

“Nikitoka hapa nanyweshwa. Mwanangu nitamrithisha nini?”

Doña Clodomira aliweka mkono juu ya kifuniko cha birika. Hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa anajiandaa kwa kazi yake.

Ndani ya nyumba Doña Betsabé alisema kwa sauti ya kawaida, “Ninfa, mwanangu, naanguka.”

Hapo Mnazareti akautua msalaba, akauegemeza vizuri ili usianguke, akakusanya joho lake lisije likamkwaza, akashuka. Machela iko juu, kwa hiyo alikanyaga kwanza bega la kulia la Eliécer, juu ya sugu, kama mtu anayekanyaga jiwe kuvuka kijito, akasema samahani, kisha akatua barabarani. Watu wakampisha. Ninfa alimwambia aangalie kizingiti. Aliinama kwa ajili ya taji la miiba, akaingia, na kupitia dirishani tulimwona akipitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mama na mwingine nyuma ya mgongo, namna wanavyofanya wenye uzoefu. Akamlaza kitandani, akamvuta blanketi mpaka kidevuni.

Padre Onofre alipiga magoti, akainuka, akapekua kitabu chake cha ibada, akakifunga. Doña Clodomira alikuwa ameshafungua birika.

“Ametoka kabla ya kufika kanisani,” alisema.

“Doña Clodomira, huyu ndiye Bwana mwenyewe.”

“Ndiyo maana, padre, nampa kilichojaa.”

Akakipeleka mlangoni. Mnazareti alikipokea kwa mikono miwili, akamtazama Eliécer kidogo, bila ukali, akanywa mpaka chini. Baadhi yetu tuliona aibu tukatazama viatu, ingawa kikombe hakikuwa chetu. Kisha akauliza kama kuna jibini, maana kwetu kakao bila jibini ya kuchovya haijakamilika, na Ninfa akaingia ndani kumkatia kipande.

Don Heliodoro, mkuu wa wabebaji, alitoa uamuzi palepale. Kanuni haina upendeleo: aliyekunywa amekunywa, yeye na uzao wake hawarudi kwenye machela. Na kwa kuwa huyu hana uzao, alisema, jambo lenyewe ni jepesi. Padre Onofre alifungua mdomo aseme kitu kuhusu uzao, akaufunga tena. Kengele ikalia, wabebaji wakanyanyua machela yenye msalaba mtupu, wakaenda zao. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba wale wa nyuma walianza kupiga soga za mpira, na wakafika kanisani kabla mishumaa haijawashwa. Jioni Eliécer alimwambia Amparo kwamba tangu azaliwe hajawahi kubeba kwa amani namna ile.

Mnazareti alibaki kwa Ninfa. Taji la miiba lilitundikwa kwenye msumari wa chujio. Ninfa alikwenda Popayán akapasuliwa, akarudi na mkanda mgumu kiunoni, akakuta kizingiti cha msalani kimechongwa kikawa chini, maana mgeni ana ufundi wa mbao. Arepa zake, ile mikate yetu ya mahindi, mwanzoni zilikuwa nene, hazikuiva katikati. Doña Betsabé alimwambia hivyo bila kumficha, na pia kwamba nywele zile azikate. Alikubali kuhusu arepa.

Juma la kwanza watu walifurika mlangoni. Mmoja alitaka mume, mwingine alitaka kushinda kesi ya shamba, mwingine alitaka tu usingizi. Walimkuta uani akifua mashuka ya mgonjwa. Aliwasikiliza wote kwa makini, na kila aliyekuja alimpa ncha moja ya shuka amsaidie kukamua. Juma la pili hakuja mtu.

Eliécer kwa upande wake alibaki na unyayo. Sugu ilipotea kabisa, na mahali pake begani palikuwa na alama ya mguu wa mtu mzima, vidole vitano na kisigino kilichofika karibu na shingo. Haukuuma. Alishonesha mashati yenye kifungo cha pembeni ili auonyeshe dukani bila kuvua, na wateja walioomba kuugusa aliwaruhusu. Wengi waliougusa walinunua godoro. Jumapili ya tatu baada ya Pasaka alikuja kwa dada yake akiwa na keki, akasimama mlangoni.

“Sasa umeelewa, Ninfa?” alisema. “Ningeingia kumnyanyua Mama siku ile, Bwana angeshuka? Nilikwambia sina amani. Mungu alikuwa na mpango wake.”

Ninfa alikuwa amelala chali, lakini masikio yalikuwa mazima. Kutoka uani Mnazareti alitokea na shuka lililolowa, akamnyooshea Eliécer ncha.

“Shika hiyo, kaka,” alisema Ninfa.

“Ningeshika. Ila bega hili, unajua, lina unyayo.” Akaiweka keki mezani, akamsalimu mama kwa mbali, akaondoka akipiga mluzi.

Mwaka uliofuata wabebaji walikutana kuzungumzia machela. Iliafikiwa kwamba msalaba peke yake unawahuzunisha watu, na watalii wanauliza maswali. Eliécer alijitolea kutoa godoro. Walilivika mahameli ya zambarau, wakaliwekea mito miwili na utepe wenye jina la duka, mdogo, wa heshima. Msalaba ulionekana unachana kitambaa, kwa hiyo ukahifadhiwa nyuma ya mlango wa sakristia, penye mafagio. Padre Onofre alibariki godoro. Alituambia baadaye kwamba alitafuta kifungu kinachokataza magodoro na hakukiona.

Siku ya maandamano kulikuwa na jua kali. Eliécer alibeba kwa bega la kushoto, asije akaufuta unyayo. Walipofika mtaa wa Wachonga Mishumaa walisimama kama kawaida na kuegemeza miti, ingawa hakuna aliyekuwa amechoka. Ninfa alikaa kwenye kigoda mlangoni. Mnazareti alitoka akiwa amemkumbatia Doña Betsabé, kichwa cha mama begani mwake, ili aone.

Macho ya Doña Betsabé yalikuwa yamefifia sana mwaka ule.

“Wamebeba nini?” aliuliza.

“Godoro, Mama,” alisema Mnazareti.

“Kalala nani?”

“Hakuna mtu.”

Mama alifikiri. “Masikini. Na jua hili. Waambie waje ndani wanywe kakao.”

Mnazareti alimtazama Eliécer, akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita. Doña Clodomira, nyuma, akagusa kifuniko cha birika. Ninfa akamwangalia kaka yake kama mtu anayeangalia sufuria akisubiri ichemke.

Eliécer alitabasamu. Alimpungia mama yake mkono uliokuwa huru, kwa upendo kabisa, na kengele ilipolia akanyanyua pamoja na wenzake, akaenda.

“Yule anayepunga mkono, namjua?”

“Ni mwanao, Mama.”

“Anaonekana ana furaha.”

“Ndiyo, Mama,” alisema Mnazareti, akamhamishia bega la pili, akamwingiza ndani.