Kichaka cha Nyuma ya Nyumba

Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele kama nilivyompigia shangazi yangu Kahaso baada ya mafuriko ya El Niño, na mpaka leo hasira haijanitoka yote.

Nilikuwa nasomea vinasaba vya mimea chuo kikuu. Wanawake wetu wa Kiorma hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa seji mwitu, kichaka chenye majani ya kunukia. Nilitaka kujua kilivyoenea: kilitoka huku kwenye delta ya mto Tana kikapanda hadi Bangale, au kilitoka Bangale kikateremka? Majani ya Bangale nilikuwa nayo. Ya huku chini mafuriko yalizoa yote, kikabaki kichaka kimoja tu, nyuma ya nyumba ya shangazi, nje ya Garsen. Bila jani lake utafiti wangu ulikuwa bure. Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo nikamtuma Noor, mchuuzi wa ng'ombe: "Mwambie shangazi aniwekee kile kichaka. Nakuja kwa ajili yake."

Nilipofika nilikuta shimo.

"Kiko wapi?"

"Kimo humu, Hamdia." Shangazi alinipa kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, uso unang'aa. "Nimekufukizia. Nimeng'oa hata mzizi, maana mzizi ndio wenye moshi mtamu. Majani wamekula mbuzi."

Nilimwambia hana akili, yeye aliyenilea! Nikapekua jivu kama kuku. Makaa matupu, na makaa hayana vinasaba vya kupimwa.

"Kichaka cha kale kuliko vyote!" nikafoka. "Pengine vya Bangale vyote vilitokana na hiki!"

"Cha kale?" Sasa naye alikasirika. "Hicho alikuja nacho mama yako. Alipoolewa na kaka yangu alibeba mche kutoka kwao Bangale, kama kila bi harusi. Nikajua unakitaka kwa kuwa ni chake. Ningekupa nini kingine cha mama yako?"

Mama alifariki kabla sijajua kutembea. Utoto wangu wote nilicheza kando ya kichaka kile, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia kilikotoka wala ni cha nani. Niliwachukia wote kwa dakika ile, walio hai na waliokufa.

"Kunywa," akasema shangazi.

Nikanywa huku nalia kwa hasira, mpaka tone la mwisho.