Uzi Kwenye Pindo

Mapacha wangu walikuwa na miaka mitatu mama yao alipotangulia mbele ya haki, nikabaki kuwalea huku nikishona. Mkasi na pasi ya mkaa havina huruma kwa mtoto. Basi kila asubuhi niliwaketisha juu ya godoro dogo, nikashikiza mapindo ya nguo zao kwenye godoro kwa uzi mwepesi, mishono mitatu tu, uzi ambao fundi huufumua kwa kucha.

Wa kiume, tuliyemwita Kishada, aliukata kabla sijageuza shingo. Wa kike, Tuli, aliketi. Nilimaliza suruali nzima naye yupo pale pale, mikono mapajani.

"Huyu ndiye mtoto!" niliwaambia wateja. "Yule mwingine ni adhabu."

Wakacheka, naye Tuli akazidi kutulia. Alipotimia miaka saba, wenzake walimwita kuruka kamba. Akanitazama. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, utaanguka." Uzi nilikuwa nimeshauacha zamani.

Juzi, akiwa na miaka thelathini na minne, tulikwenda hospitali. Moyo wake wataka upasuaji, lakini daktari alisema hathubutu kumpasua asiyeweza kutembea dakika sita bila kuketi. Tukapelekwa kwenye ukumbi mrefu. Mimi nikakaa kwenye benchi la katikati. Muuguzi akabonyeza saa.

Kishada, ambaye sasa ni mchukuzi wa mizigo sokoni, akamwandama nduguye.

"Kaza mwendo, Tuli! Jifanye unafukuzwa na mbwa!"

"Mbwa mwenyewe si ndiye wewe," akajibu, akihema.

"Kaka, hebu keti," muuguzi akamkemea. "Anayepimwa ni yeye."

"Mimi kuketi sikufundishika, dada. Muulize baba."

Wakacheka wote watatu. Mimi nilitazama sakafu.

Dakika ya tatu Tuli alifika mbele yangu, midomo imepauka, jasho linamtiririka shingoni. Akasimama. Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya kamba.

"Baba, nikae?"

Miaka yote ile jibu langu lilikuwa moja. Nikakusanya sauti yangu yote.

"Nenda, mwanangu. Nenda."

Akaenda. Hatua nne nilizihesabu, nikimwomba Mola aniongezee ya tano. Magoti yakamlegea, Kishada akamdaka, akamketisha kando yangu.

"Dakika tatu na nusu," muuguzi alisema polepole, akaandika. Daktari akaisoma ile karatasi, akatikisa kichwa: hatapasuliwa.

"Nisamehe, baba," Tuli akasema pumzi zilipomrudia. "Sikuzoea."

Nikapiga magoti sakafuni, nikalishika pindo la gauni lake, nikalipapasa pande zote.

"Unatafuta nini, baba?"

Vidole vyangu vya fundi vilizunguka pindo lote, vikarudi vilikoanzia. Hapakuwa na uzi wowote wa kufumua.