Udongo wa Mnyambe

Cyril aliposhuka kwenye bodaboda pale Chiwata, mwezi wa saba, na boksi kubwa limefungwa kwa mipira nyuma ya kiti, mama yake alidhani ni televisheni. Alishawaambia majirani wawili kabla boksi halijafika mlangoni. Lilipofunguliwa sebuleni wakatoka wanajeshi wa plastiki ya kijivu, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wamevaa mavazi ya kwenda angani, bunduki zao nene kuliko viuno vyao. Mama Cyril akawatazama, akaguna, akasema vizuri mwanangu, akarudi jikoni. Cyril ni mtoto wake wa kwanza, ana kazi Dar es Salaam, na tangu azaliwe hajawahi kufanya jambo la kipuuzi machoni pa mama huyo.

Aliyekaa chini na kuwashika mmoja mmoja ni Isabela, mdogo wake. Yeye alibaki nyumbani na mama, na mikorosho, na cherehani ya kushonea sare za shule. Akamgeuza askari mmoja huku na huku akauliza wa kazi gani.

Cyril akaeleza, na alipoanza kueleza hakunyamaza. Karakana anayofanyia kazi inachapa vitu vya plastiki kwa mashine, na wateja wake wengine ni watu wazima, wenye ndevu zao na familia zao, ambao kila Jumamosi hukusanyika kwenye meza pana wakapiganisha majeshi ya sayari kwa dadu na futi ya fundi cherehani. Wakishapigana hawaishii hapo. Wanashindana nani kapaka rangi vizuri zaidi. Mwezi wa kumi na moja kutakuwa na maonyesho ukumbini, na Cyril alitaka jeshi lake liwe mezani siku hiyo.

"Mimi nitapaka," alisema. "Wewe utafanya vitako."

Kitako ni kile kisahani cheusi cha plastiki anachosimamia askari. Ukikiacha kitupu, askari anaonekana kapanda juu ya kizibo cha soda. Ukikitia udongo, mawe, majani makavu na kipande cha chuma kilichoungua, hapo ana nchi ya kufia. Isabela hakuhitaji kuelezwa mara mbili, maana ndivyo walivyogawana kazi tangu utoto. Baba yao, marehemu Bernard, alikuwa seremala wa kanisa, na kila Krismasi alichonga wachungaji na kondoo wa kuweka pangoni. Cyril alipaka nyuso. Isabela alitengeneza ardhi: nyasi, kokoto, njia ya kupita mamajusi. Watu walipiga magoti mbele ya pango lile wakasema hii Bethlehemu kweli. Kisha padri alisimama kutoa shukrani, akamshukuru Cyril, na kanisa zima likapiga makofi. Ilikuwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka Isabela alipiga makofi pamoja na wengine.

Safari hii alitaka kitu kimoja, na hakuona aibu kukisema.

"Kaka, utanitaja?"

"Nikutaje wapi?"

"Huko ukumbini. Wakiuliza vitako, useme kafanya Isabela."

Cyril akacheka, akamvuta kilemba kikamwangukia machoni. "Nitakutaja mpaka masikio yakuwashe."

Maneno hayo Isabela aliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka sabuni ya mgeni, hataki iguswe.

Wiki mbili za likizo Cyril alipaka barazani. Tuseme ukweli, mkono anao. Alianza na rangi nyeusi mwili mzima, akaweka buluu juu yake, kisha akaimimina rangi nyepesi kama chai iliyokosa majani ikajikusanya kwenye mikunjo na viungio. Mwisho, kwa brashi iliyofutwa karibu kukauka, alipitia kingo za deraya, yale mavazi yao ya vita, zikang'aa kama zimepigwa na jua la mahali pengine. Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Isabela naye alisimama, akiwa na ndoo kichwani, na alimwonea fahari kaka yake. Hilo nalo liandikwe.

Cyril alitaka sayari nyekundu. Isabela akamwambia udongo wa hapa una mchanga mwingi wa kijivu, wekundu wake wa kubahatisha; udongo wenyewe upo juu Newala, Mnyambe, kwa mjomba Silvesta, pale nyuma ya nyumba walipokata ukingo wa barabara. Akapanda bodaboda akaenda. Mke wa mjomba, Dorika, alipoambiwa mgeni kafuata udongo, akamtazama tumboni kwanza.

"Shikamoo mama. Si wa kula."

"Marahaba. Wote husema hivyo," alijibu Dorika, na akamchotea mfuko mzima, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Udongo ule Isabela aliukaanga kwenye kikaango kufukuza wadudu, akauchekecha kwa kipande cha chandarua cha zamani. Laini kama unga akauweka kando, wa chenga kando, kokoto kando. Akavunja redio mbovu ya baba akapata vibati na nyaya za kuwa mabaki ya vyombo vya angani. Vikonyo vikavu vya maua ya mkorosho akavipaka zambarau vikawa miti ya dunia isiyojulikana. Kila mwamba aliupitishia brashi kavu yenye rangi ya chungwa iliyopauka, mpaka kokoto ya Mnyambe ikawa genge la mlima. Hakuna aliyemfundisha. Alipaka, akatazama kwa mbali jicho moja limefumbwa, akapaka tena.

Tatizo likawa gundi. Chupa aliyokuja nayo Cyril aliimaliza mwenyewe kubandika mikono na bunduki, akaondoka akisema atatuma nyingine kwa basi. Haikuja. Isabela akaandika ujumbe: "Kaka, ile gundi vipi?" Jibu likachelewa, kisha likaja: "Tumia chochote mdogo wangu. Wewe si fundi?" Na kikatuni cha kucheka machozi.

Chochote, kwa mtu aliyekulia kwenye mikorosho, ni utomvu. Hakuna mtoto wa huku ambaye hajabandika jalada la daftari au kishada kwa utomvu wa mkorosho. Unatoka kwenye gome wenyewe, wa rangi ya asali. Unauloweka, unauchuja, unapaka. Mwezi wa nane, upepo ukiwa mkavu na midomo imepasuka, utomvu ule ukishika umeshika, unaweza kugonga msumari kwa kitako na chenga isidondoke. Isabela aligonga kweli, kwa kujaribu. Akaridhika. Akawabandika askari wote, akawalaza kwenye sufi ndani ya boksi lilelile, akalipeleka mwenyewe stendi Masasi na kumsihi kondakta asiweke gunia juu yake.

Cyril alipiga simu siku boksi lilipofika. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Isa, umeua! Umeua kabisa!" Isabela alicheka peke yake jikoni kama mtu aliyepandwa na mashetani. Kisha Cyril akatuma kiungo cha picha alizoziweka mtandaoni ili aone watu wanavyosema. Wanasemaje? Rangi nzuri, rangi safi, lakini jamani huo udongo! Umepata wapi huo udongo? Hiyo miti umetengenezaje? Mwingine akaandika kwamba amekuwa akitengeneza vitako miaka mingi na hajaona ardhi inayoonekana kuwa na kiu namna ile. Juu ya picha zote Cyril alikuwa ameandika: Kazi ya mikono yangu. Na chini, kwa kila aliyeuliza habari za udongo, alijibu: Siri ya kambi.

Isabela alisoma majibu yote mpaka mwisho wa ukurasa akitafuta jina lake. Halikuwepo. Iliuma, lakini akajipa moyo kwamba Cyril anaisubiri siku yenyewe, ukumbini, mbele ya watu. Alijishonea gauni la kitenge. Hakumwambia mtu la nini. Alipogusia habari ya safari, Cyril alisema ukumbi ni mdogo, na mama akasema korosho ataokota nani. Gauni likakunjwa.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia na mavuno. Jumamosi ya maonyesho Isabela na mama yake walikuwa shambani tangu asubuhi, kila mmoja na ndoo yake, wakiokota mabibo na kunyonyoa korosho. Mchana walipoketi kula muhogo, simu ikalia mfululizo kwenye kundi la ukoo. Binamu yao Gift, anayeishi Dar, alikuwa amekwenda ukumbini kumshangilia Cyril na alirekodi video.

"Fungua tumwone," alisema mama.

Wakainamia simu. Ukumbi umejaa, watu wanajipepea kwa makaratasi, mashati yamewaganda mgongoni. Joto la Dar la mwezi huo kila mtu analijua, unaoga na maji yanakataa kukauka mwilini. Cyril kasimama nyuma ya meza kwa shati jipya. Mbele yake jeshi zima, buluu juu ya nyekundu. Ni zuri. Hata kwenye kioo cha simu kilichopasuka ni zuri, na kwa pumzi chache Isabela alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Chiwata.

Kisha jaji, mzee mmoja mwenye miwani, akamnyanyua kamanda ili amtazame kwa karibu.

Kamanda alinyanyuka na mwamba ukabaki mezani. Katikati ya hivyo viwili ukavutika uzi mrefu, wa rangi ya asali. Jaji akajaribu kumrudisha, udongo wote ukateleza pembeni kwa mkupuo kama ukoko unavyoacha sufuria. Akamgusa wa pili, akamnata kidoleni. Unyevu wa Dar ulikuwa umeuloweka utomvu ule ukarudi kuwa kama ulivyotoka mtini. Isabela alielewa palepale, kabla ya mtu yeyote ukumbini kuelewa. Aliujaribu utomvu kwa msumari. Hakuwahi kuujaribu kwa hewa ya pwani, maana hewa ya pwani hakuwahi kuivuta.

Watu wakasogea. Mtu akacheka. Jaji, kwa upole tu, akauliza, "Hivi vitako umetumia gundi gani, kijana?"

Cyril akatazama vidole vyake. Akatazama watu. Kisha akanyoosha mgongo, na sauti yake ikatoka safi, bila kukwama.

"Vitako sikufanya mimi. Alifanya mdogo wangu, Isabela. Isabela Bernard. Yuko kijijini huko Masasi, hivi vitu havijui. Nilimwonea huruma tu nikampa kazi."

Ukumbi ukacheka, kicheko kile cha kumsamehe mtu. Jaji akampigapiga Cyril begani. Video ikaishia hapo.

Isabela alibaki ameshika simu. Jina lake lote, na la baba, mbele ya watu, kama alivyoomba.

"Kamtaja!" alisema mama. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kuwa mazito, na kelele za ukumbi zilimeza mengine yote. "Isabela, umesikia? Kakutaja! Na la baba yako!" Alishasimama, mikono ina maji ya mabibo, anaita shamba la pili. "Mama Chrispin! Mama Chrispin, njoo usikie, Cyril kamtaja mdogo wake Dar es Salaam! Watu wamefurahi mpaka wanacheka!"

Mama Chrispin akaja na wakwe zake. Mama akamwambia Isabela arudishe. Isabela akarudisha. Wakasikiliza wameinama, na jina lilipofika mama alipiga kigelegele juu yake, hivyo maneno yaliyofuata hayakusikika. Akaomba irudiwe, na ikarudiwa. Mama Chrispin, ambaye masikio yake ni mazima, alimtazama Isabela usoni mara moja, akashusha macho, akasema hongera kwa sauti ndogo. Isabela alimchukia kwa ile huruma kuliko alivyomchukia Cyril. Angeweza kumwambia mama yake ukweli. Alimtazama alivyokuwa anacheza na ndoo tupu mkononi, mwanamke ambaye hajacheza tangu wamzike mumewe, akaona kwamba hata hilo la kulalamika kanyang'anywa.

Cyril alipiga simu Jumatatu. Isabela alikuwa anaanika korosho uani. Alisema shikamoo kaka, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba. Isa, usinichukie kwa yale. Nilibanwa. We unajua nilivyobanwa."

"Ndiyo."

"Sasa sikia. Jaji kaupenda ule udongo ajabu. Kasema nikiufanyia kazi upya kwa gundi ya maana, mwakani jeshi lirudi. Nitumie mfuko mwingine. Na ile miti. Gundi safari hii nanunua mwenyewe."

Isabela alizisawazisha korosho kwenye mkeka kwa kiganja, akaokota moja iliyooza akaitupa.

"Kaka, unapajua kwa mjomba Silvesta?"

"Mnyambe? Napajua."

"Nyuma ya nyumba, ukingoni mwa barabara. Jembe utaazimwa na mkewe Dorika." Alivuta pumzi. "Akikuuliza wa kazi gani, mwambie wa kazi ya mikono yako."

Akakata simu. Mama akauliza kutoka jikoni nani alipiga, akamjibu ni Cyril, anakusalimia.