Pole Niliyoipokea Mpakani

Mimi ni mwalimu wa udereva, na wanafunzi wangu wananiita Breki. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wangu, na mguu wangu huikanyaga kabla mwanafunzi hajajua kwamba anakosea. Sifa hiyo imenivimbisha kichwa miaka yote. Lakini mganga hajigangi.

Nina watoto wawili: wa kwanza wa kiume, yuko darasa la sita, na kitinda mimba wa kike ambaye meno ya mbele yameng'oka. Tangu mimi na mama yao tuachane wanaishi kwake, nami nawapata likizo za shule tu. Hakimu alisema wazi, mimi nikiitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili: hakuna wa kuwavusha mpaka bila ridhaa ya mwenzake. Atakayekiuka, likizo za watoto atazisikia redioni. Na likizo zile ndizo ubaba wote niliobaki nao.

Sasa, mtalaka wangu akawapeleka kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Wakaja kwangu na hadithi moja tu, asubuhi bwawa, jioni bwawa. Wivu ukanipanda. Nikaapa kuwapeleka ng'ambo ya mpaka, kwenye hoteli yenye mabwawa matatu. Kumwomba ruhusa yule mwanamke? Thubutu! Nilijua atakubali, na hilo ndilo lililoniuma. Angekubali kwa upole, halafu anikumbushe kuwafunga watoto mikanda. Mimi, mwalimu wa udereva.

Pasi zao za kusafiria zilikuwa kabatini kwangu tangu enzi za ndoa. Njiani nikawafunda watoto kama ninavyowafunda wanafunzi siku ya mtihani.

"Mkiulizwa, jibuni kifupi. Usichoulizwa usikiseme. Na mama asitajwe kabisa."

"Wakiuliza yuko wapi?" akasema mwanangu wa kwanza.

"Safari hii hakuna mama. Basi."

Kitinda mimba akairudia mpaka ikamkaa. Nikamsifu, nikasema huyu leo ningempa leseni.

Mpakani, ofisa wa uhamiaji alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Alifungua pasi, akawatazama watoto, akachungulia dirishani kwenye gari langu. Juu yake kuna ubao wa JIFUNZE UDEREVA na namba yangu ya simu. Ndiyo, nilitorosha watoto kwa gari lenye tangazo. Mwizi mwenye akili zangu hahitaji kutafutwa na polisi.

"Barua ya ridhaa ya mama yao iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, kitinda mimba akajibu, kifupi, kama alivyofundwa: "Hakuna mama."

Yule ofisa akavua miwani. "Jamani. Pole sana, baba. Poleni, wanangu."

Hapo ndipo ilipotakiwa breki. Mimi nikainamisha kichwa nikasema, "Asante. Ni mipango ya Mungu."

Nilisema hivyo kweli, kwa sauti ya mfiwa. Ofisa akampa binti yangu peremende, akanyanyua muhuri. Mwanangu wa kwanza akaangua kilio, na hakikuwa kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Kilikuwa cha msibani.

"Mama hajafa. Yuko kazini. Leo ana zamu ya mchana."

Muhuri ukarudi mezani. Ofisa akamwomba mwanangu namba ya mama yake, naye aliijua kwa kichwa. Akapiga, akaweka spika ili nisikie vizuri. Akamweleza mama watoto yote, hata ile mipango ya Mungu.

Mtalaka wangu akaomba aongee nami.

"Baba watoto," akasema, "si ungeniuliza tu? Warudishe nyumbani. Habari ya likizo tutaongea kwa hakimu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Tukageuza gari. Nilikuwa na hotuba ya kumpa mwanangu kuhusu kumchongea baba mzazi, nikatafuta pa kuanzia nikakosa. Alikuwa amenigeuzia kisogo, anatazama nje. Sikujua ni lini nitampata tena. Kitinda mimba, peremende shavuni, alikuwa anawaza.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku mama akitupeleka safari, tuseme wewe ndiye umekufa?"

"Hapana, mama. Msiseme hivyo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa sababu si kweli. Akanitazama, akamtazama kaka yake, akaendelea kusubiri jibu.